Kuunda gitaa la klasiki kwa mkono Arusha na Moshi: mwongozo kamili

Usigundishe uso wa gitaa mwezi wa nne. Masika yakikolea, hewa ya Arusha na Moshi hujaa maji, na ubao huyanywa ukavimba kwa upana. Ukibandika mataruma, yaani vile vijiti vya ndani vinavyoutegemeza uso, wakati ubao umevimba hivyo, gundi ikishika umeufunga ukiwa mpana kuliko utakavyokuwa Januari. Kiangazi kikiingia uso unataka kusinyaa, mataruma hayaukubalii, na ufa hutokea, mara nyingi kandokando ya ubao wa vidole, ule unaobonyezewa nyuzi, au nyuma ya daraja, kile kipande cha usoni kinachofungiwa nyuzi. Mwenye gitaa hulileta kwa fundi akisema limeanguka. Halikuanguka.

Gitaa ninalolizungumzia ni la klasiki: nyuzi sita za nailoni, shingo pana, na freti ya 12 (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo) ikiwa pale shingo inapokutana na boksi. Si gitaa kavu la nyuzi za chuma. Nyuzi sita za nailoni kwa pamoja huvuta kama kilo 40. Za chuma huvuta kilo 70 na zaidi. Ndiyo maana gitaa la klasiki huundwa jembamba na jepesi, na ukilifunga nyuzi za chuma daraja litang'oka, hata kama kazi yako ilikuwa safi. Nachukulia kwamba unajua kunoa patasi na kushika randa. Kama bado, kaa kwanza na seremala mtaani kwako miezi michache, kisha urudi hapa.

Kalenda na kabati la kukaushia

Nunua kipima unyevu cha hewa, hivi vidogo vya betri vinatosha, lakini usikiamini kabla ya kukijaribu. Tia chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe tope bila kuyeyuka yote, kisha fungia chumvi hiyo pamoja na kipima ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana. Acha usiku kucha. Asubuhi kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, basi siku zote ongeza 5 kwa kichwa.

Unalotafuta karakanani ni asilimia 45 hadi 50. Hewa ikidumu hapo, mbao hutulia zikiwa na maji ya takriban asilimia 9 ya uzito wake mkavu, na gitaa lililogundishwa katika hali hiyo litavumilia kuvimba na kusinyaa kwa kiasi pande zote mbili. Miezi rafiki ni Januari na Februari, kisha Agosti hadi Oktoba. Arusha ipo kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake za Julai zina ukungu. Ngoja mchana ndipo ugundishe. Moshi iko chini zaidi na joto lake hukausha haraka, ila kwa Moshi hofu yangu ni ile gundi nyeupe ya kawaida, nitaieleza mbele.

Kwa miezi isiyo rafiki kuna kabati. Tengeneza sanduku la plywood lenye matundu machache chini na juu, ndani yake weka balbu ya zamani ya wati 40 au 60, ile inayochoma ukiishika. Balbu ya LED haina joto la kukusaidia. Mbao zako zisimame humo kwa kutenganishwa na vijiti ili hewa ipite kote. Kila baada ya siku chache pima uzito wa ubao kwa mizani ya jikoni na uandike kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Uzito ukiacha kushuka, ubao umeelewana na hewa iliyouzunguka. Mafundi wa zamani walihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na kwa ubao mnene hesabu hiyo bado ni nzuri, lakini ukipasua mbao kuwa vibao vya milimita 4 au 5 kwanza, zikabanwa kwa mawe zisijikunje, wiki chache zinatosha.

Mbao zipi ni zetu, na upi uagize

Antonio de Torres, fundi wa Almería huko Hispania aliyeishi 1817 hadi 1892, ndiye ambaye vipimo vyake waundaji wengi wa magitaa ya klasiki wanavifuata mpaka leo. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake (pande za boksi) ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi, ila uso ni wa mbao bora. Lipo kwenye jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Alitaka watu waone kwamba sauti inatoka usoni. Mimi nachukua somo la mfukoni: pesa za kuagiza zitumie kwenye uso, kila kilichobaki kitafute hapa.

Uso mzuri ni wa sprusi ya Ulaya au sida nyekundu ya Amerika Kaskazini, hii ya pili ikiwa imezoeleka tangu José Ramírez wa tatu wa Madrid alipoanza kuitumia miaka ya 1960. Huuzwa kama vibao viwili pacha vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja, urefu wa sentimita 55 hivi, upana 20 kila kimoja, unene milimita 4 au 5. Ni kifurushi chembamba, posta inakileta. Njia nyingine, na ninaipenda, ni piano iliyokufa. Ukisikia shule au kanisa linatupa piano kuukuu, kimbia ukaombe ule ubao mpana wa ndani nyuma ya nyuzi: kwa kawaida ni sprusi ya unene wa milimita 8 hivi, iliyokaa kavu miongo kadhaa.

Bila hizo, kuna saiprasi. Mti huu asili yake ni Meksiko na nchi jirani, lakini umepandwa kwenye mashamba ya serikali ya Meru-Usa, Kilimanjaro Magharibi na Rongai, na uzito wake haupishani sana na wa sprusi. Tatizo lake ni vifundo. Tafuta ubao wa chini ya shina, usio na kifundo hata kimoja kwa sentimita 55, na uangalie kichwa cha ubao: mistari ya miaka iwe imesimama wima kutoka uso mmoja kwenda mwingine. Ikilala au ikipinda, huo ni wa kenchi. Saiprasi hii hii inafaa sana kwa mgongo na mbavu. Wahispania huunda magitaa ya flamenco kwa saiprasi ya kwao, na sauti yake ni kavu, inayotoka upesi.

Kwa mgongo na mbavu zenye rangi, chagua mninga. Ni mbao ya miombo, inatoka Tabora na Katavi, si ya milimani kwetu, lakini seremala yeyote anaijua. Sifa yake kubwa ni kutulia: ikishakauka haichezi sana na misimu, na hiyo kwetu ni dhahabu. Vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa nzito. Shingo iwe ya mbao nyepesi iliyonyooka, mkangazi au sedrela, hii ya pili ikiwa ndiyo waliyoitumia Wahispania miaka yote.

Ubao wa vidole ni mpingo, na hapo hatuna cha kumwonea mtu wivu. Mpingo unatengenezewa klarineti na zumari za orkestra duniani kote, unazama ukiutia majini, na vidole havitauchimba leo wala kesho. Mpingo mnyoofu ni adimu, lakini unachohitaji ni kipande cha sentimita 47 kwa 7, unene wa milimita 8. Waulize wachonga vinyago kama wana masalia marefu. Mti huu huchukua zaidi ya miaka 60 kufikia kuvunwa. Hapo Moshi marehemu Sebastian Chuwa na mradi wa African Blackwood Conservation Project, ulioanza 1996, wamepanda miche yake kwa wingi, lakini hiyo ni ya wajukuu. Nunua penye risiti na alama ya nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kuanzia Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo gogo au ubao wake hauvuki mpaka kiholela.

Kama hujui kusoma ubao, Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kiko Moshi hapo hapo, na kazi yao ni mbao toka gogo mpaka kukausha. Wazee wa viwandani nao wanajua mengi. Ukimwamkia mzee vizuri na kumwambia unataka ubao wa gitaa, atakupekulia rundo zima.

Vifaa

Randa moja ya chuma iliyonolewa hadi inyoe nywele za mkono, patasi za milimita 6, 12 na 25, msumeno wa meno madogo, msumeno mwembamba wa mapindo, tupa, rula ya chuma ya mita moja, skwea, kalipa, drili, na msasa namba 80 hadi 600. Kikwangulio kitengeneze kwa kipande cha msumeno uliochakaa. Klampu hutanunua nyingi. Badala yake kata fito za mwanzi zenye urefu unaozidi kidogo nafasi kati ya meza na rafu iliyo juu yake. Ukizipinda na kuzisimamisha, kila ufito unakandamiza pale ulipousimamisha, na ukiwa na thelathini utabandika mataruma yote kwa mara moja. Nunua pia tyubu ya pikipiki kwa fundi pancha, uikate mikanda mirefu.

Gundi: ile nyeupe ya kawaida hulainika kwenye joto na kuacha mbao ziteleze polepole. Gitaa likiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Moshi, daraja linaweza kusogea. Tumia gundi ya njano ya maseremala au gundi ya ngozi iliyopashwa.

Ruwaza na kitanda

Chora nusu ya gitaa kwenye karatasi ngumu, uikate, uigeuze upate nusu ya pili. Urefu wa boksi milimita 487, upana wa chini 368, kiuno 236, upana wa juu 280. Tundu la sauti kipenyo 85. Kina cha mbavu 98 mkiani na 92 penye kisigino cha shingo, pale inapoungana na boksi.

Kitanda ni bao nene la plywood au MDF lenye umbo la gitaa na mkono wa kulaza shingo, kwa sababu gitaa hili hujengwa likiwa limelala kifudifudi. Upande wa chini, pale daraja litakapokaa, kwangua bonde la kina cha milimita 2 hadi 3 linalopotea taratibu kuelekea kingoni. Hilo ndilo litakaloupa uso tumbo. Mkono wa shingo uushushe milimita 2 kule mwisho wa kichwa, ili shingo iegemee mbele kidogo. Hatua hii inachosha na wengi huiruka. Usiiruke, maana urefu wa nyuzi juu ya freti unaamuliwa hapa, muda mrefu kabla ya kuona uzi wowote.

Uso

Fungua vibao pacha kama kitabu na randa kingo mbili zinazokutana. Zishike pamoja dirishani: mwanga usipenye hata kidogo. Ukipenya, rudia. Gundi, kisha bana kwa kamba na kabari juu ya bao tambarare, bila nguvu za kupindukia.

Ua la kuzunguka tundu lifanye sasa, uso ukiwa bado mnene. Chimba mfereji wa mduara wa kina cha milimita 1.5 na ulaze ndani vipande vya mpingo, mninga na saiprasi kwa mpangilio unaoupenda. Wazungu hupoteza wiki nzima kwenye mosaiki ya vijiti elfu. Duara tatu za rangi tofauti zinapendeza vilevile na haziongezi wala kupunguza sauti.

Sasa punguza unene. Sprusi iishie milimita 2.3 hivi, sida 2.5 au zaidi kidogo kwa kuwa ni laini, saiprasi ianzie 2.4. Tarakimu hizi ni za kuanzia tu. Ukifika 2.6, shika uso kwa mikono miwili na uupinde kwa upana, kisha kwa urefu. Mbao mbili za unene mmoja zinaweza kutofautiana ugumu sana. Ukipinda kwa upana bila kubisha huku kwa urefu bado ni mgumu, simama hapo. Halafu ushike kwa vidole viwili juu, karibu robo ya urefu, uugonge katikati kwa kidole. Unatafuta mlio unaodumu, si kishindo cha boksi la karatasi.

Mataruma

Mataruma usiyapasue kwa msumeno. Chukua kipande cha sprusi, au cha saiprasi kama uso ni saiprasi, ukipasue kwa patasi na nyundo ili kifuate mishipa yake chenyewe, ndipo ukirande. Taruma ambalo mishipa yake imekatizwa ni dhaifu hata likiwa nene.

Mpangilio wa Torres una mataruma saba yanayotawanyika kutoka chini ya tundu kuelekea mkiani, upana wa milimita 5, kimo 4 hadi 5, na mawili mengine yanayoziba kwa mshazari kule mwisho. Juu na chini ya tundu kuna mapau mawili makubwa yanayokatiza, upana 6 na kimo 15. Yale saba yapewe tumbo kidogo upande wa gundi, yafuate bonde la kitanda. Weka uso kitandani, panga, gundisha, simamisha fito za mwanzi. Kipima unyevu kiwe mezani na kisome chini ya 50. Kikipanda zaidi ya hapo, funga chupa ya gundi ukale.

Gundi ikikauka ndiyo unachonga. Punguza ncha za kila taruma ziishe kabla ya ukingo, na vilele vyake uvifanye pembetatu. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Kata kidogo, gonga, sikiliza, pinda. Uso ulioachwa mgumu hutoa sauti kali ya juu isiyo na besi. Uliochongwa mno hunguruma miezi michache kisha tumbo linazama mbele ya daraja. Kwa gitaa la kwanza egemea upande wa ugumu. Taruma unaweza kulipunguza hata baadaye kwa kuingiza mkono tunduni ukiwa na msasa, lakini huwezi kuliongeza.

Shingo

Kichwa kilale nyuma kwa pembe ya digrii 15. Usichonge kutoka kipande kimoja kinene. Kata ubao wa shingo kwa mshazari, geuza kipande, ukigundishe upate pembe hiyo bila kukatiza mishipa. Kisigino kipandishe kwa vipande vinne vilivyobandikwa juu ya kingine. Katika kisigino kata nafasi mbili nyembamba, kila upande moja, ambamo mbavu zitaingia: ndiyo njia ya Wahispania, haina skrubu wala kiungo cha kubana baadaye. Kichwani toboa njia mbili ndefu za mashine za kukazia nyuzi. Kabla ya kuchora mashimo, ziwe mkononi, kwani umbali kati ya vigingi ni milimita 35 kwa nyingi lakini si kwa zote. Mviringo wa nyuma ya shingo uuache wa mwisho.

Kukunja mbavu

Randa mbavu mbili za urefu wa sentimita 80, upana 10, unene milimita 2 kamili. Unene ukitofautiana hata kwa robo milimita, zitajikunja pale zilipo nyembamba na kuacha pembe.

Chombo cha kukunjia ni bomba la chuma cheusi la kipenyo cha sentimita 6 au 7, limebanwa likiwa limelala, na joto ndani yake: makaa yaliyokolea au moto wa gesi wa kichomeo kimoja. Nasisitiza chuma cheusi. Bomba la maji lililopakwa zinki likipata moto hutoa moshi wa kuumiza mapafu. Na kama ni makaa, fanyia kazi hii uani, kamwe si chumbani, maana gesi yake inaua bila kunukia.

Dondoshea bomba tone la maji. Likirukaruka na kutoweka, joto linatosha. Likikaa likichemka, bado. Ubao ukianza kuwa mweusi, umezidisha. Loweka ubavu dakika 15, anza na kiuno, na uulaze juu ya bomba ukiusogeza mbele na nyuma taratibu. Usiulazimishe. Utafika wakati utauhisi unalegea chini ya kiganja, na ndipo unapoufuatisha. Saiprasi hutii haraka, mninga huhitaji subira na maji ya mara kwa mara. Linganisha na ruwaza kila baada ya muda mfupi. Ukishapata umbo, ubane kwenye kalibu usiku kucha, kwa kuwa utarudi nyuma kidogo ukipoa.

Kuunganisha

Laza uso kifudifudi kitandani, gundisha shingo juu yake mstari wa kati ukiwa mnyoofu, ingiza mbavu kwenye nafasi za kisigino, zikutanie kwenye gogo dogo la mkiani. Kuzunguka pembe ya uso na mbavu bandika vijitofali vya mkangazi kimoja kimoja, kila kimoja kikubwa kama ncha ya kidole, kwa kuvishikilia kwa kidole dakika moja gundi ianze kushika. Ni jioni mbili za kukaa na redio. Upande wa mgongo tumia ufito uliochanjwa chanjwa ili upinde.

Mgongo una unene wa milimita 2.4 na mapau matatu ya kukatiza, yaliyopewa tumbo la milimita 3 hivi. Kabla ya kuufunga, futa gundi iliyovuja, ingiza taa na uangalie kila kiungo, andika jina lako na mwaka. Ufunge kwa mikanda ya tyubu ukiizungusha kitandani kwa msalaba. Inabana sawasawa kuliko klampu za dukani.

Kingo za nje zichimbwe kwa kisu cha kupimia na patasi, ziingizwe vipande vyembamba vya mninga au mpingo vilivyokunjwa kwenye bomba. Si pambo tu: huziba vichwa vya mbao visinywe unyevu.

Ubao wa vidole na freti

Urefu wa uzi ni milimita 650. Freti ya kwanza ipo 650 gawanya kwa 17.817, yaani 36.48 kutoka mfupa wa juu, ule unaopitisha nyuzi mwanzo wa shingo. Kilichobaki, 613.52, gawanya tena kwa 17.817 upate 34.43, ndiyo nafasi kati ya freti ya kwanza na ya pili. Endelea hivyo mpaka 19. Jihakiki kwa hizi: freti ya 5 iwe 163.05, ya 7 iwe 216.18, ya 12 iwe 325 kamili, ya 19 iwe 433.1. Pima zote kutoka mwanzo mmoja, usiruke kutoka freti hadi freti, kosa litajikusanya.

Upana wa ubao ni 52 juu na 62 penye freti ya 12, unene 6.5, na uso wake uwe tambarare kabisa. Nafasi za freti zikatwe kwa msumeno wa upana wa milimita 0.6. Msumeno wa chuma wa kawaida hukata pana mno. Sugua pande zake mbili kwenye jiwe la kunolea mpaka meno yaache kutanuka. Kabla ya kugundisha mpingo, upitishie msasa na uufute kwa spiriti wakati huo huo, kwa kuwa una mafuta yanayoikataa gundi.

Freti gonga kwa nyundo ya mbao, anza ncha mbili kisha katikati. Zisawazishe kwa tupa iliyobandikwa kwenye ubao mnyoofu, halafu kila moja irudishiwe mviringo wake. Sasa chonga shingo: unene pamoja na ubao wa vidole uwe 22 penye freti ya kwanza na 24 penye ya 9.

Kupaka na kubandika daraja

Kwa uso naafiki shelaki tu, aina ya vanishi, iliyoyeyushwa kwenye spiriti na kupakwa kwa kidonge cha pamba kilichofungwa kitambaa safi, matabaka membamba mengi. Spiriti yenye maji huacha ukungu mweupe, na siku ya mvua huacha ukungu huo hata kama spiriti ni safi. Rangi ya kupuliza ya mafundi wa magari inang'aa, lakini tabaka lake nene huufunga uso mdomo. Ukiipenda sana, iwe kwa mgongo na mbavu.

Daraja liwe la mninga, urefu 190 na upana 28, uzito wa gramu 20 hivi. Wengi hulifanya la mpingo lifanane na ubao wa vidole, nami siafiki: mpingo ni mzito na unaula mlio. Weka msasa usoni, uelekee juu, usugue tako la daraja juu yake mpaka lifuate tumbo la uso. Ukingo wa mbele wa mfupa wa chini, ule wa darajani, ukae milimita 652 kutoka mfupa wa juu, hizo mbili za ziada zikifidia uzi unavyonyooshwa ukibonyezwa. Kwangua shelaki yote chini ya daraja, gundisha, uache siku nzima.

Mifupa na nyuzi

Nenda bucha. "Kaka, nina kazi ya gitaa, naomba mfupa wa mguu, usiupige shoka." Atacheka, atakupa. Ondoa uboho, ichemshe kwa maji ya sabuni ukiyabadilisha, kisha anika kivulini wiki kadhaa hadi isiwe na mafuta. Mfupa wa juu uwe na unene wa milimita 5, nyuzi za pembeni zikiachana 43. Wa chini ziachane 58.

Funga nyuzi na ukaze polepole. Nailoni hunyooka siku kadhaa kabla ya kutulia, usihangaike nayo. Ikitulia, pima chini ya uzi penye freti ya 12: milimita 4 kwa besi, 3 kwa uzi wa kwanza. Ukitaka kushusha milimita 1 hapo, mfupa wa chini upunguze 2.

Mwisho ni usahihi wa sauti. Kwa programu ya kukazia nyuzi iliyo kwenye simu, piga uzi ukiwa umeugusa tu juu ya freti ya 12, kisha uubonyeze hapo hapo. Sauti ya kubonyeza ikipanda, sogeza kilele cha mfupa wa chini nyuma kwa kuupiga tupa upande wa mbele. Ikishuka, piga tupa upande wa nyuma. Uzi wa tatu ndio msumbufu kuliko wote, kwa kuwa ni nailoni tupu iliyo nene, na mara nyingi kilele chake kinahitaji kukaa milimita 1 nyuma ya kile cha uzi wa pili.